Jina la Ngege na Jitihada za Kumrudisha Samaki Huyo katika Ziwa Viktoria

Katika majina ya samaki yaliyoenea kandokando ya Ziwa Viktoria, ngege ni jina lililodumu kuliko mwenyewe aliyeitwa kwalo. Mnunuzi afikaye leo katika masoko ya Kisumu au ya Kampala akiuliza ngege haondoki mikono mitupu. Huonyeshwa samaki mpana, mnene, mwenye mistari mkiani, naye hulipa na kwenda zake ameridhika. Lakini samaki huyo aghalabu si ngege wa mababu. Ni mgeni aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, ambaye wataalamu humwita Oreochromis niloticus, yaani wa Mto Naili. Na ngege wa asili, Oreochromis esculentus, karibu ametoweka katika ziwa lenyewe. Kwa hiyo yeyote asemaye kwamba ngege anarudi, au kwamba ngege hana haja ya kurudishwa kwa kuwa yupo tele, hana budi kuulizwa kwanza ni ngege yupi. Swali hilo laonekana dogo, la watu wa kamusi; lakini katika historia ya ziwa hili limekuwa na uzito wa sheria, wa fedha na wa chakula.

Ngege wa asili ni samaki wa jamii ya perege. Makazi yake yalikuwa katika maji ya ghuba yasiyo na kina kirefu, juu ya tope laini, naye hula mwani mdogo mno uelea majini bila kuonekana kwa macho. Jike hutaga mayai katika kiota kilichochimbwa na dume, kisha huyakusanya kinywani na kuyaatamia humo mpaka yaanguliwe. Na vifaranga vikishaanza kuogelea, bado hukimbilia kinywani mwa mama wakati wa hatari. Vikikua kidogo hukaa ukingoni, penye matete na mafunjo. Huo ni uzazi wa matunzo mengi na mayai machache, na ndiyo sababu samaki wa namna hii akivuliwa kupita kiasi hawezi kuliziba pengo upesi kama dagaa.

Jina lake la kitaalamu alipewa mwaka 1928 na Michael Graham, aliyemwandika Tilapia esculenta. Neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni "anayelika". Wala hapana haja ya kuuliza kwa nini lilichaguliwa hilo, maana wakati ule ngege ndiye aliyetafutwa kuliko samaki wote wa ziwa. Neno la kwanza lina safari ya ajabu zaidi. Inaaminiwa kwamba Andrew Smith, aliyelitunga mwaka 1840, alilitoa katika neno la Kitswana la kumtaja samaki, akalivika vazi la Kilatini. Nalo limerudi Afrika ya Mashariki kwa njia ya Kiingereza, likaingia katika Kiswahili cha ofisini kana kwamba ni neno la Kizungu. Baadaye wataalamu walizigawa upya jamii za samaki hawa, na katika kitabu kikubwa cha Ethelwynn Trewavas cha mwaka 1983 ngege amewekwa katika jamii ya Oreochromis. Jina la kitaalamu laweza kubadilika hivyo mara kadhaa bila samaki kupotea, kwa kuwa kila jina la namna hiyo limefungwa kwa mfano mmoja wa samaki uliohifadhiwa katika jumba la makumbusho. Jina la wavuvi halikufungwa hivyo. Limefungwa kwa chungu na kwa bei.

Kabla ya karne ya 20 watu wa ziwa walivua kwa migono ya kusukwa, kwa nyua zilizojengwa mitoni na kwa majuya ya mafunjo yaliyokokotwa na watu wengi. Haifai kudhani kwamba wavuvi hao walikuwa na huruma kwa samaki kuliko wajukuu wao. Walivua walichoweza, na zana zao ndizo zilizokuwa na mpaka. Mpaka huo ulivunjwa na mambo mawili yaliyofuatana. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, ikaleta walaji wasiokaa ziwani. Na mwaka 1905 zikaingia nyavu za kutega zilizofumwa kwa kitani, ambazo humnasa samaki kwa matumbuu akipita usiku. Katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo baadaye iliitwa Ghuba ya Winam, nyavu za kwanza zilijaa ngege kwa makumi. Miaka michache baadaye wavu uleule ulitoa samaki wachache tu, na wavuvi wakafanya lile ambalo mvuvi yeyote mwenye watoto angelifanya: wakatafuta nyavu za matundu madogo zaidi, ili wawapate wale ambao zamani walipenya.

Ndipo Graham alipoitwa kutoka Uingereza. Uchunguzi wake wa mwaka 1927 na 1928, aliosaidiwa na E. B. Worthington, ulikuwa wa kwanza kulitazama ziwa zima kwa macho ya elimu ya uvuvi, na taarifa yake iliyotolewa mwaka 1929 yafaa kusomwa hata leo. Alishauri mambo matatu yanayohusu maneno haya. Kwanza, nyavu zenye matundu ya chini ya inchi 5 zikatazwe, ili ngege apate kuzaa kabla ya kunaswa. Pili, nchi zote za ziwa ziwe na utaratibu mmoja wa kusimamia uvuvi. Tatu, alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka mahali pengine kungekuwa na hatari kubwa mno kama hakukutanguliwa na uchunguzi mrefu. Shauri la kwanza lilifanywa sheria katika Kenya, Uganda na Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ni miaka ileile ambayo Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa ikitafuta tahajia moja ya Kiswahili. Yaelekea serikali za wakati ule zilipenda vipimo vya kukubaliana, iwe vya maandishi au vya nyavu. La pili lilichelewa hadi mwaka 1947, ilipoanzishwa Idara ya Uvuvi ya Ziwa Viktoria, na mwaka huohuo kituo cha uchunguzi wa samaki kikafunguliwa Jinja. La tatu halikusikiwa.

Sheria ya inchi 5 ndiyo jitihada ya kwanza ya kumrudisha ngege, na yastahili kuhukumiwa kwa haki. Haikuwa sheria ya kipumbavu. Ilitokana na kipimo cha samaki mwenyewe na umri wake wa kuzaa. Lakini msingi wake ulikuwa tundu, si samaki. Ziwa lina samaki wengi wasiofikia ukubwa wa ngege. Mbiru, aliye ndugu yake mdogo, na ningu, apandaye mitoni wakati wa mvua ili atage, hawakuweza kuvuliwa vizuri kwa wavu halali. Kwa hiyo kila aliyewataka alikuwa mvunja sheria tangu alipoutia wavu wake majini. Mabwana samaki walikuwa wachache, pwani ya ziwa ni ndefu, na nyavu za inchi 4 na nusu ziliuzwa. Ziliposhuka bei na kuongezeka nguvu nyavu za nailoni katika miaka ya 1950, sheria ilikuwa imekwisha kufa mikononi mwa watu. Uganda na Tanganyika ziliiacha katika nusu ya pili ya miaka hiyo, na Kenya ikafuata mwaka 1961.

Hapo pana mgeuko ambao historia ya uvuvi huupita haraka, nao ndio kiini cha mambo. Kabla yake, maofisa walikuwa wakitafuta kumrudisha samaki. Baada yake walitafuta kuurudisha uvuvi. Kiswahili chatofautisha maneno hayo mawili waziwazi, wala hakuna mtu awezaye kuyachanganya katika sentensi; lakini katika siasa ya ziwa yalichanganywa kwa miaka mingi. Ngege alipopungua ilionekana ni rahisi zaidi kulijaza pengo kwa perege wengine kuliko kumngoja mwenyewe apone. Basi katika miaka ya 1950 waliletwa perege wa aina nne kutoka maji mengine, akiwemo yule wa Naili. Tani zikirudi, ilifikiriwa, kazi imekwisha. Kisha mvua kubwa za mwaka 1961 na zilizofuata ziliinua maji ya ziwa kwa zaidi ya mita 2, zikafunika nchi kavu na kufungua malisho mapya ya vifaranga. Kwa muda mfupi perege wa kila aina waliongezeka, na wageni wakapata nafasi ya kutia mizizi.

Kisa cha sangara kimesimuliwa mara nyingi, nacho chatosha kutajwa kwa ufupi. Samaki huyo wa Ziwa Albert na wa Naili chini ya Maporomoko ya Murchison alitiwa katika Ziwa Viktoria kwa mara ya kwanza mwaka 1954, bila kutangazwa. Akatiwa tena kwa idhini ya serikali mwaka 1962 na 1963, baada ya mabishano makali ambayo Geoffrey Fryer, mtaalamu wa kituo cha Jinja, aliyaandika kwa kupinga mwaka 1960. Kwa miaka kama 20 hakuonekana sana. Katika miaka ya 1980 alilijaza ziwa. Furu, ambao aina zao zilipita 500, waliangamia kwa wingi, na aina zipatazo 200 huhesabiwa kuwa zimepotea. Ngege alikuwa amekwisha kudhoofishwa na nyavu kabla sangara hajazidi. Si haki kumbebesha sangara kifo chote. Tena maji yenyewe yalibadilika. Udongo wa mashamba na uchafu wa miji uliyarutubisha mno, ukaleta mwani wa namna nyingine badala ya ule mwani wenye magamba ya kioo ambao ngege aliuzoea. Perege wa Naili hachagui chakula. Hula mwani, wadudu, hata samaki wadogo. Ngege ni mchaguzi.

Sasa yafaa kuyatazama majina yenyewe, maana yameandika historia hii kwa namna ambayo taarifa za idara hazikuweza. Samaki mgeni afikapo mahali, watu huwa na njia tatu za kumwita. Ya kwanza ni kumpa jina alilokuja nalo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mbuta wa Wajaluo na mputa wa Waganda: samaki aliletwa kutoka upande wa Ziwa Albert, na jina la Kibantu lenye sauti ya pua mbele ya konsonanti likaingia katika Kijaluo bila shida. Ya pili ni kumpa jina la samaki wa mbali anayefanana naye. Upande wa Tanzania aliitwa sangara, jina ambalo halitengani na sangala wa Ziwa Tanganyika, nao ni samaki wa jamii ileile ya Lates. Hapana shaka Kiswahili cha wavuvi kiliuona ufanano huo bila kumngoja mwanachuo. Dagaa naye alipita njia hiyo, kwani jina moja hutumika kwa samaki wadogo wa bahari, wa Tanganyika na wa Viktoria, ambao si wa jamii moja.

Njia ya tatu ni ya hatari zaidi, nayo ni kumpa mgeni jina la mwenyeji aliyeondoka. Perege wa Naili alifanana na ngege kwa umbo na kwa nyama, akauzwa palepale alipouzwa ngege, akapikwa vilevile. Jina halikuona sababu ya kuhama. Luganda engege na Kijaluo ngege yote mawili yalimpokea. Na upande wa Tanzania jina la sato leo laelekezwa kwa mgeni huyohuyo. Wanaisimu huliita badiliko la namna hii uhamishaji wa maana, na kwa kawaida hulieleza bila huzuni, kwa kuwa lugha hufanya hivyo kila siku. Hapa lakini badiliko lilificha msiba. Mtoto aliyezaliwa Rusinga au Ukerewe baada ya mwaka 1980 hakukosa neno lolote katika msamiati wake wa samaki, na kwa hiyo hakujua kwamba amekosa samaki. Linganisha na ningu. Yeye alimalizwa zaidi kwa kutegewa nyavu midomoni mwa mito, alipokuwa akipanda na mayai tumboni. Na kwa kuwa hakuja samaki mwingine wa kukaa mahali pake chunguni, jina lake halikupata mrithi. Wazee wakilitaja, kila asikiaye hujua kwamba pana kitu kilichopungua.

Maofisa nao walisaidia kulifunika jambo. Katika hesabu za mavuno, perege wa aina zote mara nyingi waliandikwa katika safu moja. Safu hiyo ikipanda, msomaji wa jedwali hufurahi, asijue kwamba ndani yake mmoja amemla mwenzake.

Jitihada za kumrudisha samaki mwenyewe, si uvuvi tu, zilianza upya katika miaka ya 1990, na mahali pake hapakuwa ziwani bali pembeni. Kandokando ya Ziwa Viktoria pana maziwa madogo yaliyotengwa nalo na vinamasi vya mafunjo. Maji ya vinamasi hivyo yana hewa kidogo mno, kiasi kwamba sangara hawezi kuyapita; basi nyuma ya ukuta huo wa majani ngege alibaki hai. Alipatikana katika Ziwa Kanyaboli, ndani ya Kinamasi cha Yala katika Kenya, na katika vijiziwa vya Kayanja na Kayugi karibu na Nabugabo katika Uganda. Wakati huohuo nchi tatu zilitia sahihi Kisumu, mwaka 1994, mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao yake Jinja; hivyo shauri la pili la Graham lilitimia kwa sura mpya. Mwishoni mwa miaka hiyo vikaanza kuundwa vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo yao wenyewe, jambo ambalo sheria ya inchi 5 haikulifikiria. Mwaka 2010 Kenya ililitangaza Kanyaboli kuwa hifadhi.

Palikuwa na sababu ya kutumaini. Sangara alipovuliwa kwa nguvu kwa ajili ya viwanda vya minofu, baadhi ya furu waliodhaniwa wamekwisha walionekana tena katika Ghuba ya Mwanza. Lakini furu hao walirudi wenyewe. Ngege hakurudi hivyo, kwa kuwa mahali pake pamekaliwa na nduguye. Wala si kukaliwa tu. Perege wa Naili na ngege huweza kuzaliana, na uchunguzi wa vinasaba uliofanywa tangu miaka ya 1990 umeonyesha damu ya mgeni ndani ya samaki walioitwa ngege, hata katika maziwa madogo yaliyotumainiwa. Hapo ndipo swali la jina linapokuwa swali la vitendo. Mtu mwema aletaye ndoo ya vifaranga vya "ngege" na kuvimwaga katika ziwa dogo lenye ngege wa mwisho, akidhani anamsaidia, aweza kwa asubuhi moja kufanya kile ambacho nyavu hazikufanya kwa miaka 100. Naye hatakuwa amesema uongo, maana vifaranga hivyo katika lugha ya soko ni ngege kweli.

Hatari hiyo imeongezeka kwa ufugaji wa samaki. Katika miaka ya karibuni vizimba vya sato vimewekwa ziwani katika nchi zote tatu, na mbegu inayohitajika ni ya perege wa Naili, akuaye upesi. Hakuna ubaya katika kumlisha mtu. Ila mabwawa na vizimba vikipasuka, au mafuriko yakipita, samaki waliomo hawaulizi mpaka wa hifadhi.

Lipo jambo jingine linalowatatiza wapendao kumhifadhi ngege. Wakati wa ukoloni ngege alipandikizwa katika maziwa na mabwawa mengi ya bara ya Tanganyika, yakiwemo maziwa ya Singida. Kiasi kwamba katika vitabu vya Kiingereza hutajwa kuwa ni tilapia wa Singida, kana kwamba Nyanza haikuwa kwao. Alifika pia katika bonde la Mto Pangani, ambako yeye ndiye mgeni, na perege wa asili wa huko ndio wanaohitaji kulindwa mbele yake. Kwa hiyo mbegu ipo. Ila haiwezi kutolewa huko na kupelekwa Nyanza kabla ya kila ziwa kuchunguzwa, samaki kwa samaki, ijulikane ni nani aliye ndani. Na kazi hiyo huanza kwa kumwuliza mvuvi anamwita nani nani.

Mvuvi, akiulizwa vizuri, aghalabu hujibu kwa usahihi kuliko jedwali. Kijaluo kina neno nyamami kwa ajili ya perege wa Naili, nalo hutumika sambamba na ngege. Mahali ambapo bwana samaki huandika nyamami katika safu yake, na ngege katika safu nyingine hata kama safu hiyo ni tupu mwezi mzima, mtu aweza kuhesabu. Panapoandikwa ngege peke yake, hakuna ajuaye kama samaki yule wa Graham ameonekana au la.